Uhuru wa Iceland katikati ya Vita Kuu ya Pili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Iceland ilijitangaza kuwa jamhuri tarehe 17 Juni 1944, siku 11 tu baada ya majeshi ya Washirika (Uingereza, Marekani na wenzao) kutua Normandy, Ufaransa. Mfalme wake, ambaye pia alikuwa mfalme wa Denmark, alikuwa Copenhagen chini ya Wajerumani, na nchi yenyewe ilikuwa imejaa wanajeshi wa Marekani. Taifa la watu wasiofika 130,000, lisilo na jeshi, lilipitaje katikati ya mataifa makubwa yenye silaha mpaka likafika huko bila kumwaga damu? Majibu yafuatayo ni kwa msomaji anayekutana na habari hii kwa mara ya kwanza.

Iceland ilikuwa koloni la Denmark?

Ndiyo na hapana, inategemea unazungumzia mwaka gani. Walowezi wa kwanza walitoka hasa Norwei katika karne ya 9, wakaanzisha bunge lao, Alþingi, mwaka 930. Karne ya 13 wakawa chini ya mfalme wa Norwei, kisha karne iliyofuata wakaingia pamoja na Norwei chini ya taji la Denmark. Kwa muda mrefu walitawaliwa kutoka Copenhagen kama jimbo la mbali, na biashara yao ikahodhiwa na wafanyabiashara wa Kidenmark. Walipata katiba mwaka 1874, na mwaka 1904 wakapata waziri wao wa kwanza aliyekaa mji mkuu wao Reykjavík, Hannes Hafstein.

Mwaka 1918 hali ilibadilika kabisa. Sheria ya Muungano iliyoanza kazi tarehe 1 Desemba mwaka huo iliitambua Iceland kuwa nchi yenye mamlaka kamili, ikishirikiana na Denmark mfalme mmoja. Kwa hiyo vita vilipoanza mwaka 1939 Iceland haikuwa koloni tena. Lakini haikuwa imekamilika pia.

Hiyo sheria ya 1918 ilisema nini hasa?

Hapa ndipo pa kusoma taratibu, maana yote yaliyofuata yalitokana na karatasi hii.

Mfalme ni mmoja. Denmark inashughulikia mambo ya nje kwa niaba ya Iceland, na meli zake zinalinda maji ya uvuvi mpaka Iceland itakapotaka kufanya kazi hiyo yenyewe. Raia wa nchi moja ana haki sawa katika nchi ya pili. Iceland inatangaza kwamba haitashiriki vita yoyote, na haina jeshi.

Halafu inakuja sehemu ya kutokea. Baada ya mwaka 1940 kumalizika, upande wowote unaweza kudai sheria ifanyiwe mapitio. Miaka 3 ikipita bila makubaliano mapya, bunge la upande wowote linaweza kuivunja. Sharti lilikuwa zito: theluthi mbili ya wabunge waunge mkono, kisha kura ya maoni ambayo robo tatu ya wapigakura wote wajitokeze na robo tatu ya kura ziseme ndiyo.

Waliojadiliana kiangazi cha 1918 mjini Reykjavík hawakujua kwamba muda wa mapitio ungeangukia katikati ya vita nyingine ya dunia. Ila waliweka mlango na wakaandika namna ya kuufungua. Kwa maoni yangu, hilo ndilo lililoiokoa Iceland kuliko hotuba zote zilizokuja baadaye: kila ilipobanwa, ilikuwa na kifungu cha kunyooshea kidole.

Nini kilitokea Aprili 1940?

Tarehe 9 Aprili 1940 Ujerumani iliivamia Denmark, ikaishika ndani ya saa chache. Mfalme Christian X akabaki Copenhagen. Mkuu wa nchi ya Iceland sasa alikuwa mikononi mwa jeshi la kigeni, na wizara ya mambo ya nje iliyosema kwa niaba ya Iceland pia.

Alþingi ilikaa usiku huohuo. Kabla ya alfajiri ya tarehe 10 ilikuwa imepitisha maazimio mawili: kwamba serikali ya Reykjavík ishike kwa muda madaraka ya mfalme, kwa sababu mfalme hawezi kuyatekeleza, na kwamba mambo ya nje pamoja na ulinzi wa maji ya uvuvi yarudi mikononi mwa Waiceland. Maazimio hayo hayakumlaumu mfalme wala kutangaza uhuru. Yaliandika tu kwamba kazi zake zimekwama na lazima mtu azifanye. Ndani ya muda mfupi Iceland ikawa na watu wake wa kuisemea London, New York na Stockholm. Sveinn Björnsson, aliyekuwa mjumbe wao Copenhagen, akafunga safari ndefu ya kurudi nyumbani.

Kwa nini Uingereza iliivamia nchi isiyokuwa na ugomvi nayo?

Kwa sababu ya ramani. Aliyeishika Iceland aliweza kutazama njia yote ya meli kati ya Marekani na Ulaya. Wajerumani walishalijua hilo: mwaka 1939 waliomba haki ya kutua kwa ndege za Lufthansa, na waziri mkuu Hermann Jónasson akakataa.

Denmark ilipoanguka, Waingereza waliialika Iceland iwe mshirika wao vitani. Iceland ikajibu kwamba ni nchi isiyofungamana na upande wowote. London haikusubiri. Asubuhi ya tarehe 10 Mei 1940, siku ileile Hitler alipoishambulia Ufaransa na nchi jirani zake, meli za kivita ziliingia bandari ya Reykjavík na wanajeshi wa majini wapatao 740 wakashuka. Hakuna risasi iliyopigwa. Walikwenda moja kwa moja kwa balozi mdogo wa Ujerumani, Werner Gerlach, wakakuta nyaraka za ofisi zinaungua ndani ya beseni la kuogea. Waliuzima moto na kuokoa baadhi.

Serikali ya Iceland ilifanya nini?

Iliandika barua ya kupinga. Barua ilisema wazi kwamba kutofungamana kwa Iceland kumevunjwa na uhuru wake umeguswa, ikadai fidia. Jioni waziri mkuu akazungumza redioni na kuwaomba wananchi wawatendee wanajeshi hao kama wageni.

Wapo wanaoona huo ni unyonge. Mimi naona vinginevyo. Wangepinga kwa ngumi, wangeumia bila faida. Wangenyamaza, ingesomeka kwamba wamekubali, na atakayekuja kesho angesema mliwahi kuridhia. Barua ile iliweka kumbukumbu. Waingereza nao walilazimika kuahidi kwamba wataondoka vita vikiisha, watalipa uharibifu, watatoa masharti mazuri ya biashara ya samaki, na hawataingilia utawala wa ndani.

Ahadi hiyo ya mwisho ilivunjwa. Mwaka 1941 walilifungia gazeti la wasoshalisti, Þjóðviljinn, na kuwachukua wahariri wake mpaka Uingereza, akiwemo mbunge. Iceland ikalalamika tena kwa maandishi.

Marekani iliingiaje wakati haikuwa vitani?

Katikati ya 1941 Uingereza ilihitaji wanajeshi wake kwingine. Rais Roosevelt alikuwa tayari kupeleka wake, lakini nchi yake haikuwa vitani na hakutaka aonekane mvamizi. Akataka kitu kimoja: Iceland imwalike.

Tarehe 24 Juni 1941 mjumbe wa Uingereza alimpelekea Hermann Jónasson jambo hilo, na jibu lilitakiwa kwa haraka. Meli zilikuwa njiani. Fikiria nafasi ya mtu yule. Akialika, Iceland imetupa kutofungamana kwake kwa mkono wake mwenyewe. Akikataa, watakuja tu, na atakuwa amepoteza nafasi ya kuweka masharti.

Alikataa kualika. Baada ya mashauriano mazito, barua yake kwa Roosevelt ilisema kwamba ulinzi wa Marekani unaafikiana na maslahi ya Iceland, na kwamba kwa hiyo iko tayari kuukabidhi kwa Marekani, kwa masharti yafuatayo. Kisha akayapanga: wanajeshi wote waondoke mara tu vita vikiisha, Marekani itambue uhuru na mamlaka kamili ya Iceland, iahidi kutumia nguvu zake zote mkataba wa amani uitambue hivyohivyo, isiingilie serikali, wakati wa vita wala baadaye, isaidie biashara na usafirishaji wa chakula. Roosevelt alikubali. Wanajeshi wa majini wa Marekani wapatao 4,000 walifika tarehe 7 Julai, miezi 5 kabla ya Japani kushambulia Pearl Harbor na Marekani kuingia vitani, na bunge likaridhia baada ya wao kufika.

Yaani serikali iliyokuwa haijamalizana hata na mfalme wake ilipata, kwa maandishi na kwa saini ya rais wa Marekani, ahadi ya kutambuliwa. Mkataba wa 1918 haukuwa umevunjwa bado, lakini aliyetia saini Washington alikuwa ameshaitendea Iceland kama nchi iliyojitegemea.

Tena Marekani ilikuja kulipa kwa dola gharama ya samaki wa Iceland waliopelekwa kuwalisha Waingereza, na dola wakati ule zilikuwa adimu kuliko samaki.

Ni kweli waliomba wasiletewe wanajeshi weusi?

Ni kweli. Katika mazungumzo ya 1941 serikali ya Iceland iliiomba Marekani kimyakimya isilete wanajeshi weusi, na ombi hilo liliendelea kuheshimiwa hata baada ya vita. Halikutangazwa kwa wananchi. Serikali iliyodai usawa wa mataifa makubwa na madogo iliwanyima watu usawa kwa sababu ya rangi yao, na jambo hilo halifai kufichwa nyuma ya sifa nyingine za diplomasia yao.

Mbona hawakutangaza jamhuri palepale mwaka 1941 au 1942?

Nusura watangaze. Tarehe 17 Mei 1941 Alþingi iliazimia kwamba Iceland ina haki ya kuuvunja muungano kwa sababu Denmark haiwezi tena kutimiza wajibu wake, kwamba sheria ya 1918 haitarefushwa, na kwamba jamhuri itakuja. Mwezi uliofuata Sveinn Björnsson akachaguliwa kuwa msimamizi wa madaraka ya mfalme. Mwaka 1942 serikali ya Ólafur Thors ilikusudia kumaliza kazi.

Wakaombwa wangoje, na aliyeomba ni Marekani yenyewe. Hofu yake ilikuwa kwamba Ujerumani ingepata la kutangaza: tazameni, Wamarekani wamemnyang'anya mfalme mfungwa nchi yake. Iceland ikauliza kama kuna pingamizi iwapo itangoja muda wa mkataba utimie. Ikajibiwa kwamba hakuna. Hapo Iceland ilitoa muda na ikapata hakikisho, na muda wenyewe ulikuwa ni wake kisheria. Azimio la Mei 1941 likahesabiwa kuwa ndilo dai la mapitio, na miaka 3 ikatimia Mei 1944.

Ndani ya nchi kulikuwa na mabishano makali. Kundi moja lilisema twende haraka kabla mataifa makubwa hayajapata la kufikiria upya. Kundi la pili, wakiwemo wasomi wengi na wanasiasa wa chama cha Social Democrats, lilitaka wasubiri mpaka Denmark iwe huru waagane ana kwa ana. Hawakuwa wapinga uhuru. Walitofautiana juu ya adabu ya kuondoka, na hoja yao ilikuwa na uzito.

Je, haikuwa kumgeuka Denmark akiwa taabani?

Wadenmark wengi waliona hivyo na iliwauma. Kwa jirani aliyelala chini ya buti la mvamizi, kupata habari kwamba ndugu ameondoka ni jambo la kuumiza hata kama ndugu ana haki.

Lakini pima na upande wa pili. Muungano ulikuwa na njia ya kuuvunja ambayo Wadenmark wenyewe waliikubali. Kwa miaka 4 Iceland ilikuwa imejiongoza yenyewe katika kila kitu. Na hakuna aliyejua vita vitaisha lini wala meza ya amani itakuwa na nani. Nchi ndogo iliyoingia kwenye mkutano wa washindi bila kuwa na hadhi inayoeleweka ingeweza kuamuliwa na wengine.

Mfalme mwenyewe alijaribu kuzuia. Mwanzoni mwa Mei 1944 alituma ujumbe akiomba uamuzi usifanywe wakati nchi zote mbili ziko chini ya majeshi ya kigeni. Ujumbe huo ulifanya kinyume cha alichokusudia: vyama vyote vikasimama pamoja, hata baadhi ya waliokuwa wanasitasita.

Kura ya maoni ilikuwaje?

Ilipigwa tarehe 20 hadi 23 Mei 1944. Waliojitokeza walikuwa zaidi ya asilimia 98 ya wapigakura. Wagonjwa walifuatwa majumbani. Waliosema hapana juu ya kuvunja muungano hawakufika 400 nchi nzima. Zaidi ya asilimia 99 ya kura halali zilisema ndiyo. Katiba ya jamhuri nayo ilipita kwa zaidi ya asilimia 98.

Msomaji wetu aliyezoea matokeo ya namna hii atashtuka, na ana sababu. Msukumo wa kijamii ulikuwa mkubwa, na kampeni ya upande wa hapana karibu haikuwepo. Hata hivyo kura ilikuwa ya siri, magazeti yalikuwa yakibishana, na kila mtu alijua lile sharti la robo tatu ya waliojiandikisha: aliyebaki nyumbani alihesabika kama mpinzani. Ndiyo maana walihangaika kumfikia kila mtu.

Siku yenyewe ilipita vipi?

Walichagua tarehe 17 Juni, siku aliyozaliwa Jón Sigurðsson mwaka 1811, kiongozi wa madai ya uhuru katika karne ya 19. Walikwenda Þingvellir, uwanda wa miamba ambako Alþingi ya kwanza ilikaa. Mvua ilinyesha kutwa. Watu wapatao 25,000 walisimama humo, karibu mmoja kati ya kila watano nchini.

Saa 8 mchana kengele za makanisa nchi nzima zilipigwa. Bunge likamchagua Sveinn Björnsson kuwa rais wa kwanza, kwa kura 30 tu katika bunge la watu 52. Kuna wabunge waliotumia nafasi hiyo kuonyesha hawajafurahi. Mjumbe wa Roosevelt, Louis Dreyfus, alikuwepo, na Marekani ikawa imetimiza lile sharti la 1941. Kisha ikasomwa simu ya maandishi kutoka Copenhagen. Christian X, aliyekuwa ameomba wasifanye, alikuwa anawatakia heri watu wa Iceland. Umati ulishangilia kwa nguvu, na waliokuwepo wamesimulia kwamba hapo ndipo wengi walipumua.

Vipi Visiwa vya Faroe na Greenland?

Hawa nao walitenganishwa na Denmark na vita, ila hawakuwa na karatasi kama ya Iceland. Faroe ilikaliwa na Waingereza kuanzia Aprili 1940. Mwaka 1946 walipiga kura ya maoni, uhuru ukashinda kwa kura chache sana, Denmark haikuutambua, na mwaka 1948 wakapewa madaraka ya ndani. Greenland hakukuwa na kura kabisa: mjumbe wa Denmark mjini Washington, Henrik Kauffmann, alitia saini na Wamarekani tarehe 9 Aprili 1941 bila idhini ya serikali yake.

Ahadi za uhuru za wakati ule ziliihusu Afrika Mashariki?

Swali hili linaniuma. Agosti 1941 Churchill na Roosevelt walikutana baharini karibu na Newfoundland, wakatoa tamko lililosema watu wote wana haki ya kuchagua serikali yao. Akiwa njiani kurudi, tarehe 16 Agosti, Churchill alishuka Reykjavík na kuwahutubia watu akiwa kwenye roshani ya bunge lao. Mwezi uliofuata, tarehe 9 Septemba, aliliambia bunge lake mwenyewe kwamba maneno yale yalilenga mataifa ya Ulaya yaliyokuwa chini ya Wanazi. Makoloni ya Uingereza yalikuwa jambo jingine.

Mwaka huohuo askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland walikuwa wamepigana Uhabeshi kuwatoa Waitalia. Baadaye walipelekwa Madagaska na Burma. Kwa hiyo mtu asichukue mfano wa Iceland akadhani kilichowakosa babu zetu ni ujanja wa kuandika barua. Iceland ilikuwa imetambuliwa tangu 1918 na watu wake walikuwa Wazungu. Milango miwili hiyo ilikuwa wazi kabla hawajabisha hodi. Ila njia ya kudai kwa kifungu ilitumika huku pia palipopatikana kifungu: Nyerere alipokwenda mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mwaka 1955, alisimama juu ya hadhi ya Tanganyika kama nchi ya udhamini, hadhi ambayo Kenya haikuwa nayo.

Kwa nini Iceland haikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Umoja wa Mataifa?

Kwa sababu tiketi ya kwenda San Francisco, kwenye mkutano wa kuuanzisha, ilikuwa kutangaza vita dhidi ya Ujerumani au Japani kabla ya tarehe 1 Machi 1945. Nchi kadhaa zilifanya hivyo haraka haraka. Iceland ilikataa, ingawa ilikuwa imepoteza mabaharia wengi. Meli ya abiria Goðafoss ilizamishwa na nyambizi ya Kijerumani Novemba 1944 ikiwa karibu kabisa na nyumbani. Iceland ilijiunga na Umoja wa Mataifa tarehe 19 Novemba 1946.

Wamarekani waliondoka kama walivyoahidi?

Si kirahisi. Oktoba 1945 Marekani iliomba kukodishiwa vituo vitatu, Keflavík kikiwemo, kwa miaka 99. Iceland ikakataa, na waliokataa walirudi kwenye barua ya 1941: vita vimeisha, mliahidi. Mwaka 1946 wakakubaliana wanajeshi waondoke ndani ya miezi 6, na uwanja wa Keflavík uendeshwe na raia wa Kimarekani. Hata hilo liliivunja serikali, kwani wasoshalisti walitoka.

Tarehe 30 Machi 1949 bunge lilipopiga kura ya kujiunga na NATO, polisi walifyatua mabomu ya machozi kwenye uwanja wa Austurvöllur mbele ya jengo la bunge. Mwaka 1951, vita vya Korea vikiendelea, wanajeshi wakarudi Keflavík kwa mkataba mpya. Safari hii walikaa miaka 55. Wa mwisho waliondoka Septemba 2006, kwa uamuzi wa Washington, na serikali ya Reykjavík iliyokuwa ikitaka wabaki haikuweza kuwazuia.